Homa ya Kipimo Katika Nchi ya Ungapi

Safari yenyewe tuiache. Ilikuwa ya vumbi na malengelenge, na hakuna msomaji asiyejua vumbi. Tuanze pale Mashavu alipofika kwenye lango la nchi ya Ungapi, cherehani kichwani na binti yake Chiku mkononi, na mlinzi wa lango akamsalimu kwa salamu ya nchi ile.

"Wa ngapi?"

Mashavu alidhani anaulizwa idadi. "Wawili," alijibu. "Mimi na huyu binti yangu."

Mlinzi alitabasamu, maana wageni wote hukosea hapo. "Sikuulizi mko wangapi, mama. Namuulizia mtoto. Mtoto ni wa ngapi?"

"Ni wa kwanza. Na ndiye huyo huyo, baba yake alifariki kabla hatujajaliwa mwingine."

"Hongera sana," mlinzi alisema, akavua kofia na kuwafungulia mabawa yote mawili ya lango.

Walipokwisha kupita, Chiku alimvuta mama yake mkono. "Mama, baba amekufa, mbona yeye anatupa hongera?"

"Sijui, mwanangu."

Neno hilo lilimtia Mashavu matatani papo hapo. Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la mchicha alisimama, akaweka kapu chini, akamshika paji la uso kwa kiganja. "Pole, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Imekuanza lini? Usitembee juani namna hii na mtoto."

"Imenianza nini?"

"Homa."

Mashavu hakuwa na homa, na ilimchukua muda kuelewa. Katika nchi ya Ungapi neno "sijui" lilikwisha kufa, na kama lilizikwa basi hakuna aliyehudhuria mazishi. Mtu aliyekosa jibu alijishika paji la uso akasema anahisi joto, na wenzake wakampa pole wakamwacha apumzike. Ukimuuliza mchuuzi njia ya kwenda kisimani, na haijui, atakuambia anahisi joto. Hakuna aliyeona haya, kwani kuugua si kosa la mtu. Ugonjwa wenyewe walikuwa nao na jina, homa ya kipimo, na dawa yake ilikuwa mwarobaini uliochemshwa mpaka ukawa mweusi.

Sasa, Mashavu hakuja Ungapi kutembea. Mto wa kwao ulihama njia yake ukalichukua shamba, na wachuuzi waliopita walimwambia kuna nchi ambako shule zote za umma zimeandikwa ukutani, ya kwanza hadi ya mwisho, hata mzazi hana haja ya kubahatisha. Hilo ndilo lililomvuta, kuliko hata soko. Chiku, baba yake alipozikwa, alinyamaza msimu mzima wa mvua. Hakulia, hakuomba hata maji. Kisha siku moja, akimtazama mama yake anashona, akauliza uzi wa chini wa cherehani unatoka wapi wakati unaoonekana ni wa juu tu. Tangu hapo hakuacha kuuliza, na Mashavu, ambaye kuna nyakati alitamani apumzishwe masikio, alikiogopa kile kimya kuliko njaa. Alitaka shule ambayo haitamrudisha mtoto wake kule.

Njia ya kutoka langoni hadi mjini ilijaa mikokoteni iliyobeba magodoro, makabati, mabirika na kuku waliofungwa miguu. Wangapi, maana ndivyo watu wa nchi ile wanavyojiita, walikuwa wakihama. Namba za shule zilikuwa zimebadilishwa Ukutani, na kila zilipobadilika mitaa mizima ilibeba vitanda kuzifuata. Sheria ilisema mtoto asome katika shule ya mtaa anaolala, kwa hiyo watu walilala kwa kufuata namba. Hakuna aliyepaka nyumba yake rangi. Hakuna aliyepanda mpapai, kwa kuwa hakuna aliyejua kama atakuwepo ukizaa. Hata viti vyao vilitengenezwa bila mgongo, ili mtu asikae akajisahau. Mashavu aliwatazama wakipishana, wanaokwenda kaskazini na wanaotoka kaskazini, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na roho yake ikaanza kwenda juu kabla hajafika popote.

Ofisi ya Wageni na Namba ilikuwa chini ya Ukuta wenyewe. Ofisa wake, Bwana Makadirio, alikuwa mtu mpole mwenye wino kwenye vidole vyote, hata dole gumba. Alimweleza Mashavu haki zake. Mgeni anaruhusiwa kuchagua mtaa autakao, lakini mara moja tu; baada ya hapo anaweza kushuka, si kupanda. Na mtaa ukishachaguliwa, mtoto hupata shule ya mtaa huo, na mzazi hupata meza sokoni katika safu yenye namba ya shule ya mtoto. Safu ya kwanza iko mlangoni mwa soko. Safu ya thelathini na moja, ambayo ni ya mwisho, iko nyuma ya machinjio, na mnunuzi akionekana huko basi ama amekwisha kununua kila kitu, ama amepotea.

"Mimi nataka shule nzuri tu," Mashavu alisema.

"Nzuri?" Bwana Makadirio aliinua kalamu. "Neno hilo tuliliondoa, mama. Watu walikuwa wanagombana kwa sababu yake. Sasa tuna namba, na namba haigombani na mtu."

"Na hiyo namba mnaipataje?"

Hapo ofisa alichangamka. "Kuna Siku ya Kipimo. Mpimaji huingia darasani akauliza maswali. Majibu sahihi hugawanywa kwa watoto waliokuwepo. Waliokuwepo, mama, zingatia hilo. Hatuwezi kumhesabu mgonjwa, huo ungekuwa ukatili."

"Na mtoto akipenda kuuliza yeye? Kuna shule mnayojua wanamsikiliza?"

Bwana Makadirio aliupeleka mkono wake wenye wino kwenye paji la uso, ukaacha alama tatu. "Nahisi joto," alisema, akashusha kidirisha.

Kabla ya kuchagua, mgeni alilazimika kuhudhuria kikao kimoja cha Baraza la Namba, ili achague akiwa na ujuzi. Mashavu alikaa juu kwenye benchi la wageni, Chiku mapajani. Siku hiyo waheshimiwa walijadili iwapo shule mbili zilizolingana ziandikwe zote kuwa za tano, au moja iandikwe ya tano na nyingine ya sita kwa kufuata urefu wa jina. Mheshimiwa mmoja alisema kulingana ni uvivu. Wa pili alisema kulingana kunawapa wazazi usingizi, na mzazi anayelala ataacha kuhama, na watu wakiacha kuhama wenye mikokoteni watakula nini. Hoja hiyo ilipigiwa meza kwa muda mrefu. Kisha akasimama mjumbe mpya kabisa, kijana aliyechaguliwa juzijuzi na ambaye sauti yake ilikuwa bado inamkwama.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "naomba kufahamishwa. Hii namba inapima nini hasa?"

Spika alijishika paji la uso. Safu ya mbele ikamfuata, kisha ya nyuma yake, mpaka ukumbi mzima ukawa umeshika vichwa. Wahudumu wakaingia na mabirika ya mwarobaini, kikao kikaahirishwa kwa sababu za kiafya, na waheshimiwa wakatoka wakipeana pole. Kesho yake kiti cha yule kijana kilihamishiwa nje ya mlango, mahali penye hewa.

Chiku alitaka kujua kwa nini watu wote wameugua pamoja. Mashavu alimwambia anyamaze kidogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia hivyo tangu mtoto aanze tena kusema, na alilisikia neno lilivyomtoka akajichukia. Lakini alikuwa mgeni, hana mtu, hana meza, na yote ya kuchagua yalikuwa yameandikwa juu ya Ukuta kwa rangi nyeusi. Nani angemlaumu? Alichagua mtaa wa Shule ya Kwanza.

Shule ya Kwanza ilikuwa na ua uliofagiliwa mpaka ukang'aa, na kimya. Mwalimu mkuu, Bi Kilele, aliwapokea mlangoni mwenyewe. Darasa alilowaonyesha lilikuwa na madawati mengi, lakini watoto waliokaa wangeenea kwenye mkeka mmoja.

"Wengine wako wapi?" Mashavu aliuliza.

"Wana homa," Bi Kilele alisema. "Msimu huu imetushika vibaya. Lakini wazazi wa hapa ni waelewa, wanawatunza nyumbani mpaka wapone. Akipona hurudi akijua kila kitu." Akainama kwa Chiku. "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Safi. Hamsini na tatu ukigawa kwa sita?"

Chiku alihesabu kwa vidole vya mkono, akakwama. "Hiyo sijui," alisema. "Zile zinazobaki tunazipeleka wapi?"

Mwalimu aliyekuwa ubaoni aliangusha chaki. Bi Kilele hakukasirika hata kidogo. Alimwekea Chiku kiganja kwenye paji la uso kwa upole wa mama mzazi. "Maskini," alisema. "Kumbe amekuja nayo. Msijali, tutamtibu."

Basi Chiku akaandikishwa, na Mashavu akapata meza ya mlangoni. Kazi ilimwendea vizuri. Alishona sare za watoto, na katika nchi ambako watoto hubadili shule kila mara, sare ni kama chakula. Alinunua kitanda, akanunua na birika. Wanawake wa safu ya kwanza walimwita dada, na kila asubuhi walisalimiana wa ngapi, wa ngapi, wa kwanza, hongera. Kwa siku za mwanzo Mashavu alijiambia amefika.

Lakini Chiku alikuwa akirudishwa nyumbani. Leo ana homa kwa sababu ya swali la majira ya mvua na kiangazi. Keshokutwa ana homa kwa sababu ya wingi wa neno "ukuta". Kila alipouliza, aliguswa uso na kutumwa alale, na Mashavu, ambaye asingethubutu kuifunga meza ya mlangoni, alimwachia kikombe cha mwarobaini kando ya kitanda akaenda sokoni. Aligusa paji lile mara ngapi? Halikuwa na joto. Lilikuwa la baridi kama mtungi. Hata hivyo alimnywesha, kwa kuwa kila mama wa mtaa ule alimnywesha wake, na mtu mmoja anaanzaje kusema mtaa mzima umekosea?

Siku iliyomfungua macho ilikuwa ya kawaida. Mashavu alikuwa anatunga uzi na Chiku ameketi mbele yake kwenye kile kiti kisicho na mgongo. Uzi ulikatika. Chiku alifungua mdomo aulize kitu. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, akajipima, akaufunga mdomo, akaenda kulala. Hakutumwa na mtu.

Mashavu alibaki na uzi mkononi. Alikijua kimya kile. Alikuwa amekaa nacho msimu mzima wa mvua, na sasa kilikuwa kimerudi kwa mlango ambao yeye mwenyewe aliuchagua Ukutani. Alilia pale pale juu ya sare ya mtu.

Kuhama kutoka mtaa wa kwanza si jambo rahisi, si kwa sababu wanakukataza, bali kwa sababu hakuna mwenye mkokoteni anayeamini anakoelekezwa. "Ya thelathini na moja?" aliuliza mwenye mkokoteni. "Mama, unamaanisha ya kumi na moja." Mashavu akasema anamaanisha hiyo hiyo. Maskini yule alimpima homa kabla ya kukubali kupakia kitanda. Wale waliomwita dada walisimama milangoni wakimtazama anavyopita, na hakuna aliyemuuliza wa ngapi.

Alikuwa ameichagua ile ya mwisho kwa hoja moja tu, nayo haikuwa hoja ya maana sana: kama ya kwanza ilimfanya mtoto wake hivi, basi aende mbali nayo iwezekanavyo. Alifika amejiandaa kukuta balaa. Alikuta kelele. Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, wengine juu ya madirisha, wengine chini, na katikati yao Mwalimu Haruna, mtu mfupi mwenye shati lililopauka, akijaribu kusikia maswali matatu kwa wakati mmoja.

"Mwanangu ana homa ya kipimo," Mashavu alisema, maana alikuwa amekwisha kuizoea lugha.

"Huo ugonjwa hapa haujafika," Mwalimu Haruna alisema. "Au umefika, tumeukosesha pa kukaa. Wewe binti, kipi kinakusumbua?"

Chiku alitazama chini. Mkono ulianza kupanda. Mwalimu aliusubiri upande, akausubiri ushuke. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba watoto wengine walianza kupigana.

"Kugawa," Chiku alisema mwishowe. "Kukiwa na baki. Sijui."

"Vizuri. Nani mwingine hajui kugawa kukiwa na baki?"

Mikono ikanyooka, mingi, pamoja na wa mmoja aliyekuwa dirishani kwa nje.

"Basi nimejua pa kuanzia," mwalimu alisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa shule ya mwisho, na sababu ya kuwa ya mwisho ilikuwa wazi kama jua: Siku ya Kipimo, pale hakuna aliyebaki nyumbani. Waliojua na wasiojua walikaa pamoja, mpimaji akawahesabu wote, na namba ikatoka kama ilivyotoka. Wale wote ambao shule za juu ziliwapeleka kitandani wasiinuke, mama zao wakichoka kuchemsha majani, waliishia kwa Mwalimu Haruna. Alikuwa akifundisha wagonjwa wa nchi nzima.

Mashavu alikula hasara nyuma ya machinjio. Siku nyingine aliuza kiraka kimoja, siku nyingine alifukuza nzi tu. Walikula uji asubuhi na uji jioni. Lakini Chiku alirudi nyumbani akiuliza. Aliuliza kwa nini damu ya ng'ombe hukauka nyeusi, na kama mto uliohama una njia ya kurudi, na kama baba yake alikuwa akijua kugawa. Mashavu alijibu aliyoyajua. Jirani yake, Mama Kombo, muuza samaki wa kukaanga mwenye mtoto wa umri wa Chiku, alimcheka kuwa ameliacha soko la mlangoni kwa ajili ya maswali. "Huna akili sawasawa," alimwambia, akamtilia samaki mkubwa zaidi kwenye bakuli.

Wangeweza kuishi hivyo. Lakini Baraza la Namba lilikuwa limepata hoja mpya. Mpiga mbiu alipita mitaa yote akitangaza kwamba kuwapo kwa shule ya mwisho kunaiaibisha nchi, na kwa hiyo mwaka huu shule itakayokuwa ya mwisho itafungwa, ili pasiwepo tena shule ya mwisho. Watoto wake watatunzwa nyumbani mpaka wapone. Mtu mmoja alimuuliza mpiga mbiu kama zikibaki thelathini, ya thelathini si ndiyo itakuwa ya mwisho. Mpiga mbiu alihisi joto, akaendelea na njia yake.

Wazazi wa mtaa wa mwisho walikutana darasani, wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mama Kombo ndiye aliyesimama.

"Jamani, tusizungushane," alisema. "Wenzetu wote wanafanya. Siku ya Kipimo, kila mzazi ampime wake nyumbani. Anayejua aende. Asiyejua ana homa, alale. Siku moja tu. Tukipanda hata namba moja, shule imepona."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mwalimu Haruna alikuwa ameegemea ubao, na chaki imemchafua mgongo.

"Siwezi kuwakataza," alisema. "Wanenu ni wenu. Ila nitawaambia mnachokifanya. Hawa niliwapokea wakiwa wamejifunza kwamba kutojua ni maradhi. Imenichukua muda kuwatoa huko. Mkiwalaza siku moja, mimi siku ya pili nawaanzia wapi?"

"Na shule ikifungwa, Mwalimu, utaanzia wapi?" Mama Kombo aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Wewe utapata kazi nyingine. Kombo wangu amefukuzwa shule nne. Hii ikifungwa, hakuna ya thelathini na mbili."

Mwalimu Haruna hakuwa na jibu, na akasema hivyo. Alikuwa mtu pekee katika nchi ile ambaye angesema hivyo. Wakapiga kura kwa mikono. Mashavu alinyoosha wake. Hakuna sababu ya kumsitiri; aliunyoosha mapema, kabla ya wengi, na alijisikia nafuu, kwa kuwa mtu aliyelala njaa kwa ajili ya shule hawezi kuketi akaitazama ikifungwa.

Asubuhi ya Siku ya Kipimo alitangulia kuamka. Chiku alikuwa ameukumbatia mto, mdomo wazi kidogo. Kugawa kukiwa na baki kulikuwa bado kunampa shida. Juzi tu alikuwa amezipoteza baki tatu akazitafuta mpaka akalala. Mashavu aliketi kitandani, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto wake. Lilikuwa la baridi.

"Chiku," alisema. "Leo una joto."

Mtoto alifumbua macho. Alimtazama mama yake, akamtazama mpaka Mashavu akataka kuuondoa mkono, na hakuuondoa. Mkono wa Chiku ulitoka chini ya shuka, ukaanza kupanda, ukaishia hewani.

"Siumwi, Mama," alisema. "Sijui tu."

"Shule itafungwa, mwanangu."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya... Si yako peke yako."

"Na nikilala, mwakani nitalala tena?"

Uso wa Mashavu ndio uliokuwa unawaka. Alitamani mtoto alie, aombe, agome, apate sababu ya kumkaripia. Chiku aliketi tu, akisubiri jibu la swali lake kama alivyosubiri majibu ya maswali yote. Mwishowe Mashavu alisimama, akatungua sare ukutani, akamvalisha, na vidole vyake vilivyofunga vifungo vya watoto wa nchi nzima vilishindwa na kifungo cha shingoni.

Nje mtaa ulikuwa kimya, milango imefungwa. Watoto wachache wanaojua walikuwa wamekwisha kutangulia. Mama Kombo alikuwa kibarazani akikoroga birika la mwarobaini juu ya jiko. Aliwaona, akaacha kukoroga.

"Wako anakwenda?"

"Anakwenda."

"Baki anaijua?"

"Haijui."

"Tulikubaliana, Mashavu. Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono."

"Nilinyoosha."

"Basi unatuua," Mama Kombo alisema. Alilisema kwa sauti ya kuchoka tu, na hilo ndilo lililomchoma Mashavu, maana alikuwa mtu aliyemtilia samaki mkubwa zaidi.

Mashavu hakujua kama anamtendea mwanawe haki au anawadhulumu watoto wa mtaa mzima, na miguu yake ilikuwa tayari kurudi kama ingepata neno moja la kuirudisha. Chiku alikuwa akimvuta, na kengele ya Mwalimu Haruna ilikuwa inalia. Wakapita.

Dirisha la Mama Kombo lilikuwa wazi. Kombo alikuwa ameketi kitandani, blanketi hadi kidevuni, kichwa kimefungwa kitambaa kilicholowa, akiwatazama wanavyokwenda.

"Mama," aliuliza, "mbona Chiku amepona?"

Mama Kombo alimimina mwarobaini kwenye kikombe, akaupuliza upoe.

"Lala, baba," alisema. "Wewe bado unaumwa."